Chupa Mbili, Kamba Moja
Nyinyi wa nyuma sogeeni mbele, hii lazima uione na macho yako. Nimefunga kamba ya katani, ya Gikomba, kati ya hivi viti viwili, halafu nikaning'iniza chupa mbili za maji za nusu lita, nyuzi zao urefu sawa. Nasukuma ya kushoto peke yake. Tulieni... mnaona? Ya kushoto inaishiwa nguvu polepole, ya kulia imeanza kubembea, sasa ya kushoto imesimama kabisa na mwendo wote uko kulia, na ngojeni bado, unarudi! Nani ameigusa? Hakuna mtu, ni ile kamba ya juu inapitisha.

Basi kaoni isiyo na chaji, chembe moja ndogo kuliko atomu, iko hivyo hivyo, inazaliwa chembe, baadaye kidogo ni antichembe yake, yaani pacha wake wa upande wa antimata, kisha inarudi. Wanafizikia Gell-Mann na Pais waliandika haya 1955 na mpaka leo nakutana na watoto wa Form Four wameambiwa kitu kimoja tu, eti maada na antimata zikikutana zinaangamizana, kwisha. Inaniuma sana. Na usiniambie hatuna laboratori, chupa hizi nimeokota!

Tena pale katikati, zote mbili zikibembea, usiniulize mwendo uko chupa gani, uko kwa zote. Kaoni pia ni mchanganyiko, haingoji zamu.

Kuna mtu anataka kuuliza mbona elektroni haigeuki pozitroni, antichembe yake. Chaji! Hasi haiwezi kujigeuza chanya hivi hivi, kwa hivyo huu mchezo ni wa zile hazina chaji. Na angalieni, nikifupisha huu uzi mmoja, mwendo hauhami wote tena; urefu wa uzi hapa ni kama masi, ndiyo maana masi ya chembe na ya antichembe yake kulingana ni jambo kubwa.

Saa imeenda, nikimbie. Kuna chembe nyingine isiyo na chaji, mesoni ya B yenye kwaki ya strenji, hugeuka na kurudi karibu mara trilioni 3 kwa sekunde, maabara ya Fermilab kule Marekani waliipima 2006. Halafu 1964 kule Brookhaven, maabara nyingine ya Marekani, wanafizikia Cronin na Fitch wakapata kaoni za maisha marefu zinavunjika kuwa pioni mbili, chembe nyepesi kuliko kaoni, kama 2 kwa kila 1000, na hazikutarajiwa kufanya hivyo kabisa, yaani maada na antimata hazifuati sheria sawasawa, hiyo ingetaka siku nzima...

Wewe wa sweta ya kijani, njoo. Sukuma ya kulia, uhesabu sekunde mpaka irudi.