Mwenyekiti wa Kila Nakala

Achieng: Karibuni tena, tuko Kisumu. Wiki hii Wafula amekabidhiwa barua pepe za zamani za chama cha ushirika, achore ramani ya mishale ya nani alifanya kazi na nani. Umefika wapi?

Wafula: Kwa mwenyekiti. Mnajua mimi huanza na vichwa vya barua: mtumaji, mpokeaji, wa nakala (Cc), tarehe, Message-ID, yaani nambari ya pekee ya kila barua. Yaliyomo siyagusi. Faili ni mbox, barua zote ndani ya faili moja, kama lile hukupa Google Takeout, huduma ya kupakua data yako ya Google. Kwanza naondoa zilizojirudia. Barua moja ikikaa kwenye folda mbili, uhusiano unahesabiwa maradufu.

Achieng: Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika, ilikuwa vivyo hivyo. Barua zilizowekwa wazi 2003 na tume ya nishati ya Marekani, watafiti Klimt na Yang walizikuta 619,446. Walipoondoa folda zilizotengenezwa na kompyuta zikabaki 200,399, za watu 158.

Wafula: Halafu anwani. Mtu ana ya kazini na ya Yahoo. Usipoziunganisha unachora watu wawili.

Achieng: Na mwenyekiti?

Wafula: Yumo kwenye nakala ya kila barua. Dizeli ya lori, mwenyekiti. Chai ya mkutano, mwenyekiti.

Achieng: Wino wa printa?

Wafula: Mwenyekiti!

Achieng: Likizo ya bawabu?

Wafula: Mwenyekiti, na mhasibu juu yake. Wala hajibu. Namwondoa. Uhusiano ni barua ya kwenda na kurudi. In-Reply-To, mstari wa kichwa unaotaja barua inayojibiwa, inaonyesha nani alimjibu nani. Na barua ya watu 20, kila mmoja anapata 1/20 ya uzito.

Achieng: Kugawa uzito sawa. Kumwondoa, hapana. Watu hawamnakili mtu asiye na nguvu. Mpe mishale ya rangi yake.

Wafula: Nguvu gani? Watu wanabofya "jibu wote", jina linajibeba.

Achieng: Basi hesabu barua zinazofungua mazungumzo tu, zisizo na In-Reply-To. Akiwemo humo, kuna mtu aliyemwandika kwa makusudi.

Wafula: Nitahesabu. Lakini asiyeandika hata neno simwiti kitovu.

Achieng: Anapiga simu! "Kama tulivyoongea" hazimo humo?

Wafula: Zimejaa. Ila simu haimo kwenye faili, na mimi nachora kilichomo.

Achieng: Basi uandike hivyo chini ya ramani.

Wafula: Nitaandika. Mwenyekiti anatoka.

Achieng: Anabaki. Na tulipanga kufundisha Gephi, programu ya kuchora ramani hizi, kurekebisha saa za barua zisizo na +0300, alama ya saa za Afrika Mashariki, na kuficha majina. Dakika zimeisha.

Wafula: La majina tu: weka nambari badala yake, orodha ya nani ni nani ikae faili lingine.

Achieng: Haitoshi. Mpe nambari yoyote, wanachama watamtambua kwa mishale yake.

Wafula: Hapo ni kweli. Ramani isiende kwa kamati ya chama kabla waliomo hawajaulizwa.

Achieng: Gephi wiki ijayo.