Nani Ana Ufunguo wa Seva Yako?

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Bagamoyo hadi hapa Kijitonyama.

Miaka michache nyuma nilikuwa natunza seva za biashara moja hapa mjini. Usiku mmoja kijana tuliyefanya naye kazi akanipigia: "Kaka, wamenichania begi kwenye daladala, laptopu imeenda." Ufunguo wake wa SSH, yaani faili la kuingilia seva kwa mbali kwa usalama, ulikuwa humo, na hakuuwekea nywila. Nikafungua faili la authorized_keys, orodha ya funguo ambazo seva inazikubali, kila mstari ufunguo mmoja. Mistari kumi na moja, herufi zimefuatana kama siafu, na mwishoni, pale panapokaa jina, karibu yote imeandikwa root@localhost. Upi ni wake? Sikujua. Nikafuta yote nikabakiza wangu. Alfajiri simu zikaanza: nakala rudufu za usiku hazikwenda, maana nazo zilikuwa zikiingia kwa ufunguo mmojawapo wa ile niliyofuta.

Kutengeneza ufunguo ni kazi ya dakika moja. Kujua ni wa nani, hapo ndipo tunaposhindwa, na ndiyo sababu nimeomba nafasi hii.

Tuelewane kwanza. Ufunguo huja pacha: wa siri unabaki kwenye kompyuta yako, wa hadhara unawekwa kwenye seva. Ukiingia, kompyuta yako inatia saini kwa ule wa siri, seva inaihakiki kwa ule wa hadhara. Hakuna siri inayosafiri njiani. Mfini mmoja, jina lake Tatu Ylönen, aliandika SSH huko Finland mwaka 1995 baada ya mtu kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo chake. Enzi za telnet, njia ya zamani ya kuingia seva kwa mbali, nywila ilipita waziwazi.

Sasa tengeneza hivi:

ssh-keygen -t ed25519 -C "asha-laptopu-ya-kazi"

Hiyo -t ed25519 ni aina ya ufunguo, na -C ndiyo jina la mwisho wa mstari. Andika mtu na mashine. Ikikuomba nywila ya ufunguo, tafadhali usipige Enter ukapita. Kuingia seva bila nywila hakumaanishi ufunguo wenyewe ukae uchi. Ssh-agent, programu ndogo inayoushika ufunguo ukishaufungua, itakukumbukia, huiandiki kila unapoingia. Kisha ssh-copy-id inaupeleka ule wa hadhara kwenye seva. Ufunguo ukikataliwa, angalia ruhusa: folda ya .ssh iwe 700, authorized_keys iwe 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayeruhusiwa kuzigusa.

Kila mtu na wake, kila mashine na wake. Nimeona ufunguo wa siri ukirushwa kwenye kundi la WhatsApp ili "wote tuingie". Inaniuma sana, kwa sababu siku mmoja akiondoka kazini huwezi kumtoa yeye peke yake.

Funguo zikishafanya kazi, funga mlango wa nywila kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH ya seva: PasswordAuthentication no. Lakini usitoke kwenye dirisha ulilomo! Jaribu kuingia kwa dirisha la pili kwanza. Na hakiki kwa sudo sshd -T, inayoonyesha mipangilio inayoshika kweli, kwa sababu kwenye seva za Ubuntu faili dogo ndani ya folda ya sshd_config.d linaweza kuwa limeshasema yes, na linalosomwa kwanza ndilo linaloshika.

Nirudi kwenye ule usiku. Jibu lilikuwepo, sikulijua. Amri hii:

ssh-keygen -lf authorized_keys

inatoa alama ya kidole ya kila ufunguo, yaani kitambulisho chake kifupi, ile inayoanza na SHA256. Na logi ya seva, daftari lake la matukio, kila mtu anapoingia, huandika alama hiyohiyo pamoja na saa na anwani aliyotokea. Ningemuuliza yule kijana mara ya mwisho aliingia saa ngapi, nikatazama logi ya saa hiyo, nikafuta mstari mmoja, nikalala.

Haya, dada pale nyuma ameshanyoosha mkono muda mrefu. Karibu.