Saa Nane za Mgeni wa Meli

*Mhadhara kwa wanafunzi wa kozi ya utembezaji watalii, Unguja Mjini, mwanzoni mwa msimu wa meli*

Asalaam alaykum. Wazee wangu mlioko mbele, walimu, na nyinyi vijana, ahsanteni kwa kuja.

Nianze na tangazo lililobandikwa pale mlangoni. Limeandikwa "Mgeni wa meli: saa nane." Mwalimu wenu alikusudia saa nane za kuhesabu, yaani muda anaoupata mtalii aliyekuja na meli, baina ya kushuka na kupanda. Mhadhara wenyewe umeanza saa nne hii asubuhi. Nimeambiwa wapo wenzenu wataingia saa nane mchana, na madaftari yao, watukute tumeshaondoka zamani. Msiwacheke. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa mwanzo mgeni aliniambia gari ije saa kumi, nami nikampigia dereva: "Njoo saa kumi." Mgeni alikusudia kumi ya kizungu, saa nne asubuhi yetu. Dereva akaja saa kumi alasiri, kaoga, kapiga pasi shati, na wageni wangu wameshachoka kunitukana kwa lugha tatu.

Kwa hiyo la mwanzo ni saa, na kwa mgeni wa meli saa si mbili tu, ni tatu. Kuna yetu, kuna ya kizungu, na kuna ya meli. Meli ikitoka Shelisheli au Morisi, huko wako mbele yetu kwa saa moja, na mara nyengine nahodha habadilishi saa za melini kwa ajili ya kituo cha siku moja. Mgeni kaandikiwa arudi ngazini saa kumi na nusu. Kwetu hapa hiyo ni saa tisa na nusu. Ukikaa kwa saa ya mkononi mwako, utafika gatini na kukuta nanga inapandishwa. Basi kabla ya salamu hazijakwisha, muulize mgeni akuoneshe saa yake, uiweke karibu na yako muzitazame pamoja. Mimi navaa saa mbili siku za meli. Wanangu wananicheka, nawaacha wacheke.

Na meli haimsubiri mtu. Wale waliokuja na safari iliyoandaliwa na meli yenyewe, hao kwa kawaida husubiriwa. Aliyekuja na wewe, uliyemkuta nje ya geti la bandari, Malindi, huyo akichelewa shauri yake: atafute ndege ya kuikimbiza meli bandari ya mbele, kwa fedha zake. Na atakutaja jina popote atakapofika.

Sasa tupige hesabu, lakini tuipige kwa nyuma, tukianzia ngazini. Tuseme mwisho wa kupanda ni saa kumi na nusu, kwa saa yetu. Mfikishe getini saa tisa na nusu. Saa nzima hiyo ya akiba usiiguse, ni ya pancha, ya foleni ya Darajani, ya bibi aliyesahau miwani yake kwenye duka la kanga. Asubuhi nako: meli imefunga gati saa moja, lakini mpaka taratibu zimalizike na watu washuke, wewe unampata mgeni mkononi saa mbili na nusu, pengine saa tatu kasoro. Zile saa nane zimeshakuwa saba, pengine saba kasoro. Na ndani ya hizo saba kuna kula, kuna choo, kuna kununua, na kuna jua la kaskazi ambalo Januari na Februari halina huruma.

Hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu. Unamuona kijana kachapisha karatasi ya rangi: Mji Mkongwe, kisiwa cha Changuu, mashamba ya viungo, msitu wa Jozani kuangalia kima punju, chakula Nungwi. Siku moja! Huyo hakuuza kisiwa, kauza barabara. Jozani iko kusini-mashariki, kilomita thelathini na tano hivi. Nungwi iko ncha ya kaskazini, karibu kilomita sitini. Mgeni wako atakumbuka kiti cha gari na kisogo cha dereva. Kazi yenu, na kwa hili sitaki ubishi, ni kukata. Mgeni wa siku moja mpeni mji, na kitu kimoja nje ya mji. Kimoja.

Nani anaamua hicho kimoja? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu chuoni hamkufundishwa na nyumbani kila mtu anajua: anayeamua ni maji.

Anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu anajua bahari imekaaje. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, hayo ni maji makuu, bamvua. Na bamvua ya kwetu ina desturi yake: maji hujaa alfajiri na alasiri, hukupwa baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Kisha kila siku husogea mbele kiasi cha dakika hamsini, mpaka mwezi wa siku saba au nane, siku za maji mafu, ambapo saa hizo hizo za asubuhi utayakuta yamejaa, ingawa kwa unyonge.

Sasa chukua mgeni aliyefika siku ya bamvua. Amelipia aogelee, kaona picha ya bahari ya rangi ya feruzi. Umeondoka naye saa tatu na nusu, umefika Paje, pwani ya mashariki, saa nne na nusu. Bahari iko wapi? Imehama! Imekwenda mwambani, kilomita na zaidi, na baina yenu ni mchanga wenye majimaji, mwani, na miba ya baharini inayongoja nyayo laini za Ulaya. Mpaka maji yarudi ya kuogelea, saa yako ya kugeuza gari imeshafika. Nimewaona wageni wamekaa ufukweni na taulo shingoni kama watu waliofiwa.

Lakini mtembezaji mwenye akili siku hiyo hiyo, Paje hiyo hiyo, hauzi kuogelea, anauza kupwa. Kinamama wa mwani wanaingia mashambani saa zile zile. Kilimo hicho kilianza pwani yetu ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na kimejenga nyumba na kusomesha watoto. Mwambie mgeni avae viatu, mtake ruhusa mama mmoja kabla ya kamera kutoka mfukoni, mlipeni kwa muda wake, mtembee naye baina ya vigingi na kamba. Na kama mgeni hataki kwenda mbali, bamvua ya asubuhi ndiyo siku ya fungu la mchanga la Nakupenda, hapa karibu na mji. Maji yakikupwa fungu linatoka jeupe kama unga, yakijaa linakwenda zake. Na wewe na wageni wako muwe mmeshakwenda zenu.

Changuu ni njia hiyo hiyo, nusu saa kwa boti. Huko mgeni atataka jela, maana kwao kisiwa kinaitwa Prison Island. Mwambie kweli: jengo la 1893 lilikusudiwa kuwa jela lakini halikufanya kazi hiyo, kisiwa kikawa karantini ya wasafiri wa meli. Mimi napenda kuwakalisha pale watu wa meli na kuwaambia kuwa zamani abiria kama wao walishushwa hapa wakae siku kadhaa, wapende wasipende, na leo wanalalamika kwamba saa mbili hazitoshi. Wanacheka sana. Kisha ndiyo wakaone kobe, ambao mababu zao wanne waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Angalizo moja: boti zetu nyingi mtu hupandia majini, magoti yote yakarowa. Wageni wa meli wengi ni wastaafu. Muulize mtu hali ya magoti yake kabla hujachukua pesa yake.

Mashamba ya viungo, Kizimbani na Kindichi, nayapitia haraka kwa sababu mnayajua kuliko mimi. Ni karibu, yana kivuli, hayajali maji wala mwezi, na ndiyo kimbilio la siku ya mvua. Ila punguzeni michezo. Mgeni amekuja kuvunja jani la mdalasini na kulinusa, hakuja kuvishwa taji la makuti na kupigwa picha kama bwana harusi asiyejua bibi harusi ni nani.

Turudi mjini. Mji Mkongwe umeingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, na bandari iko mlangoni pake. Nani mwengine ana bahati hii? Kuna bandari ambazo mgeni anapanda basi saa nzima kabla hajaona kitu. Hapa ukitoka geti la Malindi, dakika kumi na tano kwa miguu uko Forodhani. Basi tembezeni kwa miguu, na mapema, kwa sababu mpaka kama saa nne vichochoro vyetu bado vina kivuli. Na njia yako ipange kwa baraza, usiipange kwa majumba. Jua ni baraza ipi iko kivulini saa ngapi, na ni ya nani, na mwenyewe umeshamsalimia tangu jana. Mzee wa miaka sabini na tano akikaa barazani dakika kumi, akapewa kahawa chungu kwenye kikombe kidogo na kipande cha kashata, akawatazama wazee wa kona ya Jaws wakigombana juu ya dhumna, hapo ameingia Unguja.

Hilo la kahawa lina hesabu yake pia. Mgeni wa meli kalipia kulala na kula hukohuko melini. Usipompa sababu ya kula kwetu, saa sita atarudi kwenye meza yake, na mji utabaki na bei ya sumaku moja ya kubandika kwenye friji. Mpelekeni kwenye urojo uliopikwa moto, dafu lililokatwa mbele yake, chungwa lililomenywa mbele yake. Anayeogopa tumbo anaamini anachokiona kikikatwa. Ila msimuahidi vibanda vya Forodhani, maana vinapamba moto magharibi, na meli ikiondoka saa kumi na moja yeye atakuwa sitahani anaviona moshi tu.

Mkunazini sitaki mpite mbio. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, ndiye huyo huyo aliyeshughulika sana na sarufi ya lugha yetu. Nje kuna mnara wa sanamu za watu shimoni wakiwa na minyororo, uliowekwa 1998. Sasa, kuhusu vyumba vya chini: nimewasikia wenzetu wakitaja hesabu za waliofungiwa humo, kila mtu na hesabu yake, kila msimu inapanda. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile ni vya wamisheni, vilijengwa baada ya soko kufungwa. Semeni hivyo. Semeni soko lilikuwa hapa, watu waliuzwa hapa, chini ya nyayo zetu. Hilo linatosha kumnyamazisha mtu, halihitaji kutiwa chumvi. Na ukishasema, nyamaza na wewe. Msitoke hapo moja kwa moja kwenda duka la pilipili manga.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash, 1883: sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo, na watu wawili walifariki. Vitabu vingi vya wageni bado vinawaambia waingie. Msimuahidi mtu kuingia kabla hamjahakikisha wenyewe mlangoni.

Mambo madogo. Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu, mji unaswali. Panga wageni wako wawe wamekaa wanakula, sio wanagonga maduka yaliyofungwa. Ramadhani waambieni mapema, kwa upole, wasinywe maji njiani kweupe, na nyinyi mjue sehemu ya ndani watakayokunywa. Mkobani wekeni kanga mbili safi. Mama akishuka na kaptula, usimuhubirie, mpe kanga mfundishe kuifunga. Mara tisa kati ya kumi ataomba kuinunua. Na papasi, wale vijana wanaowaandama wageni mitaani, wakikufuata, usigombane nao mbele ya mgeni, nusu yenu hapa mlikuwa papasi mwaka jana. (*Kicheko.*) Nawajua.

Naona mkono kule nyuma. Sema, binti yangu.

*(Swali: Mgeni akishikilia kuwa lazima afike Nungwi?)*

Mpeleke. Wala si uchaguzi mbaya kwa mtu anayetaka kuogelea, kwa sababu kule Nungwi na Kendwa maji hayakimbii kama upande wa mashariki, hata bamvua ataoga. Lakini mwambie ukweli kabla hajalipa: saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na mji hatauona. Aandike mwenyewe kwamba amekubali. Ondokeni saa tatu, mkifika agiza chakula kwanza ndipo aingie baharini, maana jikoni nako hakuna haraka. Na saa nane gari inageuka. Kama samaki bado yuko juu ya makaa, afungiwe kwenye karatasi amle njiani. Saa nane hiyo, kwa faida ya wale wa tangazo, ni ya mchana, na ni ya kwetu.

Haya, mwengine.