Uvimbe wa Ala ya Neva Jirani na Tezi ya Adrenali: Jinsi Tunavyoufikia Utambuzi

Walimu wangu, madaktari wenzangu, wauguzi, na ninyi wanafunzi mliopanda hadi huku Chuo Kikuu cha Dodoma katika jua hili la saa 8 mchana, nawashukuru kwa kufika.

Nitazungumzia uvimbe ambao wengi wenu mtastaafu bila kuuona. Shwanoma ni uvimbe usio wa saratani unaoota kutoka kwenye seli zinazozivika neva ala yake, seli zilizopewa jina la Theodor Schwann, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1839. Wanafunzi huniuliza neva zimefikaje kwenye tezi ya adrenali, ile tezi ndogo iliyokaa juu ya figo kama kofia. Ukweli ni kwamba kiini cha tezi hiyo hupokea nyuzi nyingi za neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kwa hatari, na katika ala ya nyuzi hizo, ndani ya tezi au ubavuni pake, ndipo shwanoma huchipuka.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 50 anayetoka Kondoa kwa maumivu ya tumbo yanayodhaniwa kuwa ya mawe ya nyongo. Ultrasaundi inaonyesha nyongo safi, lakini juu ya figo ya kulia pana uvimbe wa sentimita 6. Kuanzia hapo kila mtu ana haraka: nduguze wanauliza kama ni saratani, na daktari kijana anatamani kuingiza sindano achukue kinyama. Nasema asiuguse kwanza. Feokromositoma, uvimbe unaotengeneza adrenalini na noradrenalini, homoni zinazopandisha presha, huweza kukaa mahali hapo hapo na kuwa na sura ile ile, na sindano ikiichokoza, presha inaweza kupanda ghafla kiasi cha kuua. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza huu ni uvimbe gani, tuulize unamwaga nini kwenye damu.

Swali hilo hujibiwa kwa kupima metanefrini, mabaki ya adrenalini na noradrenalini, katika damu au katika mkojo wa saa 24, na hapa kwetu mkojo ndio unaoharibika zaidi, kwa kuwa maelezo hutolewa dirishani kwa sentensi moja. Mwelezeni mama taratibu: akiamka saa 12 asubuhi, mkojo wa kwanza aumwage, kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu alilopewa na maabara, hata la usiku wa manane, na kesho yake saa 12 asubuhi akojoe mara ya mwisho humo humo. Akisahau mara moja tu, majibu yanaweza kutudanganya. Kisha, ili kujua kama uvimbe unatoa kotisoli, homoni nyingine ya tezi hii, hupewa saa 5 usiku miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa ambayo kwa kawaida huizima, na saa 2 asubuhi tunapima kotisoli hiyo. Akiwa na presha, tunaongeza kipimo cha aldosteroni na renini, zinazosimamia chumvi na presha mwilini.

Shwanoma haitoi homoni, hivyo majibu yote huja ya kawaida. Katika skani ya CT isiyo na dawa ya kung'arisha picha, adenoma (uvimbe usio wa saratani wa tezi yenyewe) yenye mafuta mengi husomeka vipimo 10 vya Hounsfield, kipimo cha uzito wa nyama kwenye picha, au chini yake, ilhali shwanoma kwa kawaida huzidi hapo, na mara nyingi ina vijishimo vya maji ndani. MRI huonyesha mng'ao mkubwa usio sawasawa katika picha za T2, zile ambazo maji hung'aa. Hata hivyo, picha hizo hazitoshi kuitofautisha na saratani ya tezi yenyewe. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, kikumbukeni nacho, ingawa hupenda kushika tezi zote mbili.

Jibu la uhakika, basi, kwa kawaida hutoka kwa mtaalamu wa patholojia baada ya upasuaji. Chini ya hadubini huona sehemu zilizoshonana, zinazoitwa Antoni A, na sehemu zilizolegea, Antoni B. Mahali pengine viini vya seli hujipanga safu mbili zinazotazamana, ndiyo miili ya Verocay. Rangi ya kingamwili inayotafuta S100, protini ya seli za ala ya neva, hukolea kote, ilhali ile ya kromogranini, protini ya seli zinazotoa homoni, inayokolea kwenye feokromositoma, haishiki.

Niliwahi kupokea uvimbe wa ukubwa wa embe uliosindiliwa kwenye kichupa, fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ikiwa imelowesha juu tu na katikati pameoza, na fomu imeandikwa neno moja: "uvimbe". Fomalini iwe walau mara kumi ya ujazo wa nyama, uvimbe mkubwa ukatwe ili dawa ipenye, na kwenye fomu muandike metanefrini zilisomaje.