Saa za Shimoni: Utoto katika Vijiji vya Makaa ya Mawe vya Durham

Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu, habari za jioni. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mtaalamu wa historia ya migodi, nami sitaki sifa isiyo yangu. Mimi ni mtunza wazee. Kwa miaka kumi na mmoja nimeingia nyumba za watu katika vijiji vya pwani ya Durham, kaskazini-mashariki ya England, nikiwaogesha, nikiwachemshia chai, nikiwapa dawa. Historia niliyo nayo niliipata nikiwa nimeshika taulo.

Aliyenifungua masikio ni mzee mmoja. Jina lake sitalitaja, watoto wake wapo. Wafanyakazi wenzangu Waingereza walimwita kwa jina lake la kwanza, ndiyo desturi yao. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamweleza, akasema basi na iwe hivyo. Yeye akaniita "pet". Siku ile nilirudi kwangu nimenuna, nikidhani kanifananisha na paka wa kufugwa, kumbe kule hata mwuza mkate anakuita hivyo kwa wema. Mnacheka, lakini wengine humu yamewakuta.

Alizaliwa mwaka 1938. Baba mchimbaji, babu mchimbaji, kaka wawili wachimbaji. Nikamwuliza swali la kijinga: Mzee, ulipokuwa mdogo, mgodi ulikuwaje? Akasema hajui, hakuuona. Mtoto aliona magurudumu yakizunguka juu ya mnara, na vilima vya kifusi. Mgodi wenyewe ulikuwa chini, na katika pwani ile ulipita mpaka chini ya bahari. Alichokijua mtoto ni saa zake. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo: katika vijiji vile mgodi uliwafikia watoto kwa njia ya saa, kabla hawajaukanyaga.

Mgodi haulali. Kwao baba alikuwa zamu ya alfajiri, kaka mkubwa zamu ya mchana, wa pili zamu ya usiku. Piga hesabu. Watu watatu wanaondoka nyakati tatu, wanarudi nyakati tatu, na kila anayerudi ni mweusi tii kwa vumbi, anataka maji ya moto na sahani iliyojaa. Mfuko wa ustawi wa wachimbaji, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1920, ulikuja kujenga mabafu migodini, lakini ulikwenda mgodi kwa mgodi, na kwao ulichelewa. Kwa hiyo maji yalichemshwa jikoni, beseni kubwa la bati likawekwa mbele ya moto, na mtoto akaambiwa ageukie ukutani. Wapo wanaume waliokataa kusuguliwa mgongo, wakiamini kuwa kuuosha kila siku kunaulegeza. Nikamwuliza, mama yako alilala lini? Akafikiri kitambo. Akasema, kitini.

Na mtaa mzima ulikuwa hivyo. Mchana kweupe nyuma ya pazia fulani kuna mwanamume amelala, kwa hiyo kabla ya kucheza mpira watoto walijuana: leo nyumba ile ni zamu ya usiku, twendeni upande wa pili. Mtoto wa miaka sita alijua ratiba ya majirani kumi. Sisi tuliokulia uswahilini tulijua nani ana mwembe na nani ana mbwa mkali, basi wao walijua nani amelala.

Zamani zaidi, wakati wa bibi yake Mzee, kando ya mlango wa nyumba kulikuwa na kibao cheusi cha jiwe, kile cha kuandikia kwa chaki. Mwanamume kabla ya kulala aliandika saa anayotaka kuamshwa. Usiku alipita mwamshaji, anasoma vibao, anagonga. Wafikirieni wale wapiga ngoma ya daku, ila huyu alifanya kazi mwaka mzima.

Makaa nayo yalikuwa na siku yake. Mchimbaji alipewa makaa ya kupikia na kuotea moto kama sehemu ya malipo yake, na gari liliyamwaga uchochoroni nyuma ya nyumba, rundo zima. Mtoto akitoka shule hachezi. Anashika beleshi anayaingiza stoo, na akimaliza ya kwao anakwenda kwa bibi mjane wa jirani. Mzee alinionyesha kovu kwenye kidole gumba, akajivunia kama askari. Halafu akanisimulia mkate. Baba yake alibeba shimoni mkate wa jemu ndani ya kopo la bati, na kila siku alirudi na kipande. Kilikuwa kikavu, kina vumbi, kimekaa gizani saa nane. Watoto waligombania. Nikasema, Mzee, si mlikuwa na mkate nyumbani? Akanitazama kama mtu asiyeelewa kitu. Ule, akasema, ulikuwa umetoka kule.

Sasa, msinielewe vibaya, sikuja hapa kuwapambia umaskini. Nilipoanza kusoma peke yangu, maktaba ya mji, nilikuta kwamba miaka mia moja kabla ya Mzee kuzaliwa watoto wenyewe walikuwa shimoni. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kulinda mlango. Hewa ya mgodi huongozwa kwa milango ya mbao: ukiachwa wazi, hewa inapita njia ya mkato, na kule wanakochimba gesi inajikusanya. Kwa hiyo mtoto aliketi nyuma ya mlango ameshika kamba. Kigari cha makaa kikija, anavuta. Kikipita, anafunga. Baina ya kigari na kigari, giza.

Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti yake mwaka 1842 iliwahoji watoto hao. Mmoja alikuwa Sarah Gooder, miaka minane, mlinzi wa mlango katika mgodi wa Gawber, karibu na Barnsley huko Yorkshire. Alisema kazi haimchoshi, ila hana taa na anaogopa. Huingia saa kumi alfajiri, pengine saa tisa na nusu, na hutoka saa kumi na moja jioni au baada yake kidogo. Alisema hukaa macho muda wote. Akiwa na mwanga huimba wakati mwingine. Gizani hathubutu.

Mimi nina binti. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kununua chai.

Na si mbali na hapo, Silkstone, tarehe 4 Julai 1838, ilipiga mvua kubwa ya radi. Watoto wa mgodi wa Huskar wakaamua kutoka kwa njia ya mteremko inayofika nje. Kijito kilichofurika kikaingia njia ileile, kikawasukuma nyuma mpaka kwenye mlango wa hewa. Mlango ukawazuia. Walikufa 26, mdogo wao ana miaka saba. Sheria ya mwaka 1842 ikakataza wanawake, wasichana, na wavulana chini ya miaka kumi kufanya kazi chini ya ardhi. Miaka kumi, ndugu zangu. Hiyo ndiyo ilikuwa huruma.

Turudi pwani ya Durham. Tarehe 29 Mei 1951, alfajiri, saa kumi na nusu imepita kidogo, mgodi wa Easington ulilipuka. Meno ya mashine ya kukata makaa yaligonga jiwe likatoa cheche, gesi ikawaka, na vumbi la makaa likaubeba moto. Mzee alikuwa na miaka kumi na mitatu, kijiji cha jirani. Wachimbaji 81 walikufa, na waokoaji wawili, jumla 83. Kwa nini wengi hivyo? Kwa sababu ya saa. Zamu moja ilikuwa inamaliza na nyingine imekwishaingia, sehemu ileile. Mzee alisema watoto hawakuhitaji kuelezwa. Walimka, wakaona wanawake wamesimama nje saa ambayo hakuna zamu inayotoka.

Kulikuwa na furaha pia, tena ya kelele. Mkutano mkubwa wa wachimbaji wa Durham ulianza mwaka 1871 na hufanyika Jumamosi ya pili ya Julai hadi leo, ingawa migodi hakuna. Kila kijiji huja na bendera yake ya hariri na bendi yake ya matarumbeta. Bendera ya kijiji kilichofiwa mgodini ilifungwa kitambaa cheusi. Mara ya kwanza nilipowaona wakipita nilisema, jamani, hii si beni? Pwani yetu tuliichukua beni kutoka bendi za kijeshi za wakoloni, tukaifanya ngoma ya mashindano. Mzee hakuamini. Nilimwonyesha kwenye simu, akasikiliza kwa makini, akasema ngoma kubwa wako sawa, wa tarumbeta afanye mazoezi.

Mgomo wa wachimbaji wa 1984 na 1985 nitaupita, una mhadhara wake. Binti yake Mzee anakumbuka chakula cha mchana kwenye ukumbi wa wachimbaji, na midoli ya Krismasi iliyotumwa na vyama vya wafanyakazi wa Ufaransa. Mwaka 1993 Easington ikafungwa, na Desemba ya mwaka huohuo Wearmouth, mgodi wa mwisho wa Durham.

Namalizia na kosa langu mwenyewe. Mzee alikuwa bado na kile kibao cha bibi yake, amekipigilia ndani kando ya mlango, na alitutaka watunzaji tuandike saa tutakayokuja kesho. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa na usingizi, kichwa kiko nyumbani, nikaandika 1. Nilimaanisha saa moja asubuhi, ile yetu. Nilipofungua mlango asubuhi nilimkuta kitini, amevaa, viatu vimefungwa, moto umezimika. Alikuwa hapo tangu saa saba usiku. Nikaomba radhi mpaka nikataka kulia. Akasema saa ile naye anaijua, baba yake aliiandika mara nyingi. Ila mimi nimechelewa, na zamu hukatwa mshahara.