Jua Husafisha Maji Pale Linapofika

Ndugu zangu, hili nimelisema kwenye vikao vingi na nitaendelea kulisema. Wapo wanaosema jua litatuondolea dawa na kemikali majini. Tuache kulitwisha jua kazi ya mitambo ya kusafisha majitaka.

Jua lina nguvu, sikatai. Chukueni diclofenac, dawa ya maumivu ambayo wengi wenu hapa mmewahi kuimeza kwa ajili ya mgongo. Sehemu yake hutoka na mkojo, ikaingia mtoni, kisha ziwani. Mwaka 1998 wanasayansi Buser, Poiger na Müller walichapisha walichokiona kwenye ziwa Greifensee, huko Uswisi: zaidi ya asilimia 90 ya dawa hiyo ilipotelea humo humo ziwani. Ililiwa na bakteria? Maji yale yalipowekwa gizani, dawa haikupungua. Yalipoanikwa juani mwanzoni mwa Oktoba, wakati jua la Ulaya limekwisha kulegea, nusu ya dawa iliisha kwa muda usiofika saa moja. Molekuli ya diclofenac hufyonza yenyewe miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikapoteza klorini na kuvunjika.

Hapo ndipo huwa naambiwa: basi sisi wa ikweta tumebarikiwa! Jamani, nendeni Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, pale Kisumu. Gugumaji likishatanda, chini yake ni giza mchana kweupe. Pasipo na gugumaji kuna mwani, kuna na udongo unaoletwa na mto Nyando. Miale ya urujuanimno hukatwa upesi kuliko mwanga mwingine, kwa hiyo maji yakichafuka hivyo, kazi yote hufanyika kwenye tabaka jembamba la juu. Anayefyeka msitu kwenye vyanzo vya mto analinyima ziwa jua.

Ni kweli, mabaki ya mimea iliyooza majini nayo hunasa mwanga na kuamsha oksijeni, ambayo huzishambulia hata kemikali zisizofyonza miale zenyewe. Lakini mabaki yakizidi, yanakuwa kivuli.

Halafu kuvunjika si kuisha. Triclosan, iliyotiwa miaka mingi kwenye sabuni za kuua vijidudu, ikipigwa na jua majini sehemu yake hugeuka kuwa dayoksini, kundi la kemikali ambazo baadhi ni sumu kali. Si ile kali kuliko zote, lakini ni dayoksini. Na kemikali za PFAS, zile za povu la kuzimia moto, nyingi jua halizigusi. Kifungo cha kaboni na florini kilichomo ndani yake ni kigumu mno kuvunjika. Hizo suluhisho lake ni kuzizuia kabla hazijafika mtoni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Viuatilifu vya mashambani tutavizungumza kwenye maswali.