Kifuniko cha bwawa kinakwama? Usianze na mota

Habari zenu, watazamaji. Leo niko Mikindani, uani kwenye nyumba ya wageni ninayoitunza, na huo mngurumo mnaousikia ni wa kifuniko cha bwawa la kuogelea. Kinatoka kwenye boksi lake, kinakwenda kama mita mbili, kinagoma. Mota inanguruma, kamba zinakaza, turubai liko pale pale. Kamera ameshika mpwa wangu, kwa hiyo picha ikitikisika msinilaumu mimi.

Kwanza narudisha turubai lote boksini. Halafu nazima breka, nachomoa ufunguo wa swichi na kuutia mfukoni. Usimwachie mtu ufunguo. Mkono wako ukiwa kwenye kamba halafu mtoto akacheza na swichi, utajuta.

Mpwa, sogea hapa. Tazameni kinavyofanya kazi. Turubai limezungushwa kwenye rola. Kingo zake za kulia na kushoto zinateleza ndani ya reli za alumini. Mbele kuna bomba linaloshika turubai wazi. Mimi naliita foromali, maana kazi yake ni ile ile ya foromali ya jahazi, ule mti unaoshika tanga. Kila upande kuna kamba inayotoka kwenye foromali, inakwenda hadi mwisho wa bwawa, inazunguka kwenye kapi na kurudi ndani ya reli mpaka kwenye mota. Ukifunga bwawa, mota inavuta kamba. Ukifungua, inazungusha rola. Hakuna uchawi mwingine.

Sasa mchanga. Sisi wa pwani ya kusini tunalijua kusi. Likianza kuvuma, mchanga unaingia mpaka kwenye sufuria yenye mfuniko, sembuse reli iliyo wazi. Mwaka jana nilijifanya mjanja nikapaka grisi. Wiki ya kwanza turubai lilikwenda kama limepakwa mlenda. Wiki ya pili grisi ikanasa mchanga wote uliopita, ikawa msasa. Fundi aliyekuja kutazama akaniambia mota imekufa, ninunue nyingine. Mota ndiyo hiyo hiyo mnayoisikia leo. Kwa hiyo grisi hapana, na oili chafu ndiyo kabisa usiisogeze: inanasa mchanga na inaharibu turubai.

Tutengeneze kifaa. Nina paipu ya plastiki ya nusu inchi, urefu futi tatu. Ncha yake naishikilia juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo na makaa, huku naizungusha. Fanya kazi hii nje, na ukiona moshi, ujue umezidisha moto; ondoka penye moshi huo. Ikilegea kama ndizi iliyoiva, naibana katikati ya vibao viwili, naacha upenyo mwembamba, unene wa shilingi. Natumbukiza kwenye maji baridi, inakakamaa na umbo lake. Ncha ya pili naivalisha mpira wa maji na kuibana kwa klipu. Kabla ya kubana pima mdomo wa reli yako, isije ikawa pana kuliko reli.

Fungua kifuniko cha kapi kule mwisho, ili uchafu upate pa kutokea. Anza upande wa mota, sukuma maji kuelekea kwenye kapi, polepole, usiruke hata shubiri moja. Ona hayo yanayotoka! Mchanga, majani, na hicho ni kipande cha ganda la korosho. Sijui kilifikaje humo.

Maji peke yake hayatoshi. Chukua kumbi la nazi, lipondeponde mpaka nyuzi ziachiane, lifunge katikati ya kamba ya katani. Pitisha ndani ya reli, mmoja avute huku, mwingine kule. Brashi za dukani nimezijaribu, nywele zinabaki ndani. Kumbi halina shida hiyo.

Mkiona utando mweupe mgumu, hizo ni chumvi za maji. Suuza reli kwanza, kisha paka siki kwa kitambaa, subiri dakika tano, sugua, suuza tena kwa maji mengi. Siki isikae kwenye alumini muda mrefu. Na hili nalisema mara mbili: siki isikutane na klorini. Usiimimine kwenye ndoo uliyochanganyia klorini, usitumie kikombe kile kile. Zikikutana zinatoa gesi ya sumu inayochoma mapafu.

Twende kwenye kapi. Lizungushe kwa kidole. La kulia hili linazunguka lenyewe. La kushoto... mnasikia? Kwaru, kwaru. Na tazama hapa, kamba imechimba mfereji kama kamba ya kisima kwenye jiwe. Lililojaa mchanga tu, lifungue, lioshe, lirudishe. Lililochimbika hivi halina dawa, badilisha, la sivyo litakukatia kamba.

Ncha za foromali zina viatu vya plastiki vinavyoteleza ndani ya reli. Changu kimoja kimeliwa upande. Nimechonga kingine kutokana na ubao wa plastiki wa kukatia vitunguu, ile aina nzito inayoteleza. Nimechora kwa kufuata kiatu kizima, nimekata kwa msumeno wa chuma, pembe nimezilainisha kwa msasa. Kisukume kwa kidole: kikikwaruza, punguza kidogo. Mama mpishi bado anautafuta ubao wake.

Mwisho pulizia silikoni ya maji ndani ya reli, kidogo tu, ufute inayozidi.

Rudisha umeme, funga bwawa, mtu mmoja asimame pembeni. Foromali ikienda upande na reli ni safi, ule upande unaochelewa kamba yake ni ndefu. Fungua fundo kwenye foromali, ifupishe kama upana wa kidole, jaribu tena.

Na masika, kabla hujafungua bwawa, ondoa maji yaliyotuama juu ya turubai. Bwawa hili ni mita 4 kwa 8. Maji ya kina cha sentimita 1 tu hapo juu ni lita 320, yaani kilo 320 unazitaka mota izivute.

Haya, mpwa, geuza kamera. Mita mbili... tatu... imepita pale ilipokuwa inagomea. Iache iende mpaka mwisho, kisha uifungue uione ikirudi.